Dawa Imegeuzwa Mbadala wa Nafasi

Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Bado analia kama kifaranga, lakini kifua kimeshakuwa kizito kuliko miguu inavyoweza kubeba. Siku zake za mwisho hushinda ameketi juu ya maranda yaliyolowa kinyesi, na amonia inayofuka humo inamuunguza kifuani na kwenye viungo vya miguu. Siku nyingine mtazame vizuri kuku aliyenyonyolewa: yale mabaka ya kahawia kwenye viungo vya miguu mara nyingi ndiyo hayo majeraha.

Watu hupenda kuligawa suala hili la ufugaji wa msongamano mafungu mawili: wanaowaonea wanyama huruma huku, wanaohofia afya ya binadamu kule. Kwangu ni jambo moja. Ukiwarundika maelfu ya ndege wa mbegu moja chini ya paa moja, ugonjwa ukiingia kwa mmoja umeingia kwa wote. Ama uwapunguze, ama uwape dawa. Wenye mabanda makubwa walichagua dawa. Antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ikatiwa kwenye maji na chakula, ikanywewa na wagonjwa na wazima, na kwa miongo mingi ilitolewa hata kwa ajili ya kunenepesha tu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dozi ndogo isiyoua bakteria huwafanya wawe sugu. Dozi ndogo ya muda mrefu ndiyo hasa mifugo iliyokuwa ikipewa. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kupata, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini, jeni, yaani kipande cha urithi, inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na inayoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kolistini ni dawa ambayo madaktari huiweka akiba, kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa kumsaidia. Sisi tulikuwa tunawalisha nguruwe dawa hiyo ili wanenepe! China iliacha kuitumia hivyo mwaka 2017, na uamuzi huo naupongeza bila kusita.

Virusi navyo vinapenda msongamano. Huko Malaysia, mwaka 1998 na 1999, virusi vya Nipah vilitoka kwa popo vikaingia kwenye mashamba ya nguruwe, vikasambaa humo, kisha vikawapata wafugaji. Zaidi ya watu 100 walikufa, na nguruwe wapatao milioni moja wakauawa.

Na hata kama kusingekuwa na ugonjwa wowote, bado ningeupinga ufugaji huu. Jike la nguruwe mwenye mimba, mnyama mwerevu, mara nyingi hufungiwa kwenye kizimba cha vyuma ambamo hawezi hata kugeuka. Vifaranga madume wa mbegu ya mayai huuawa siku ileile wanayoanguliwa, kwa kuwa hawatagi na hawanenepi haraka. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba haiwezekani.

Najua jibu: nyama itapanda bei, na maskini ndiye atakayeumia. Hoja hiyo siidharau. Lakini maskini huyohuyo ndiye asiye na fedha za dawa ya tatu na ya nne pale ya kwanza inapogoma kumtibu mwanawe, na ndiye anayeajiriwa kufagia mabanda hayo.

Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kunenepesha mwaka 1986. Mwanzoni nguruwe wadogo walioachishwa kunyonya waliharisha sana. Wafugaji wakalazimika kuchelewesha kuwaachisha, kuwaongezea nafasi na majani makavu ya kulalia, na kusafisha mabanda vizuri zaidi. Kuhara kukapungua. Sheria ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kila nchi iipitishe, pamoja na kuzuia dawa kwa kundi zima la mifugo isiyougua, na iwe na wakaguzi wanaoingia mabandani bila kutoa taarifa.