Kelele nlipiga, kulia sikulia

Yakhe, nyie mlopata kwenye grupu ile voisi ya kelele zangu na vespa, mkasema nalia, nisikilizeni na mie. Sikulia. Nlipiga ukelele, nkaruka, nkapiga na shahada, hayo yote sawa, lakini kulia hapana, na huyo alorikodi anajua kuwa alokuwa na machozi pale ni yeye kwa kucheka. Halafu kuna sehemu kaikata makusudi, ntafika.

Vespa yangu mnaijua, ile ya marehemu ami, ya kuchanganya oili na petroli, ikitoka Fuoni watu wa Kwerekwe washasikia. Tangu masika yaanze imeshikwa na ugonjwa: nyumbani inawaka vizuri, inakwenda, nikikaribia Kwerekwe inaanza kukohoa, nguvu zinaondoka, puu, imezima. Nnaiweka pembeni nnakunywa kahawa, nikirudi nnapiga kiki inawaka bila ya maneno, mbele huko inazima tena. Na njia zetu mnazijua, ukisimama na vespa tu kila anopita ni fundi. Mmoja ananambia ilaze ubavu, nkailaza. Mwengine anasema oili imezidi, lita moja ya petroli inataka mililita 20 wewe unatia kwa kukisia (kweli nakisia). Mwengine kabureta, nkaifungua nkaisugua kwa mswaki, mswaki wa nani msiniulize. Akaja mmoja akaapa kabisa kuwa hiyo koili, ile inopeleka umeme kwenye plagi, ikipata moto inakufa ikipoa inafufuka, na hapo nkaingia, maana koili mbovu ndo inavofanya kweli. Nkanunua koili, nyumbani tukala muhogo na chumvi. Vespa ikazima palepale.

Jana sasa. Imezima mbele ya msikiti, Alasiri, watu ndo wanatoka, na nyuma nimempakia huyu bwana wa voisi. Nkamwambia leo umeme huu tunautafuta mpaka tuuone. Nkafungua kile kifuniko cha ubavu wa kulia, nkachomoa plagi, nkaitizama: kavu, rangi ya kahawia nzuri, hata harufu ya petroli haina. Nkasema mashaallah, plagi nzima hii.

Ukitaka kujua plagi inatoa moto unairudisha kwenye kofia yake, unaigusisha chuma cha injini, mwenzio anapiga kiki, ukiona cheche basi umeme upo. Sasa kofia ya plagi yangu imepasuka zamani, imekaa kwa selotepu, na mie mikono imerowa jasho. Huyu bwana akanambia shikia hata kitambaa. Nkamjibu kwa sauti ya juu, "Umeme wa vespa hauna kitu huu, mie nshauzoea." Sauti ya juu ilikuwa na sababu yake, katika wale walotoka msikitini yumo baba wa mtu, simtaji, na mie nilitaka aone kijana anayejua kazi.

Kiki ya kwanza plagi imegusa chuma. Cheche ikaruka, ya buluu, tak! Watu wakasema eeee. Mie nkanyanyua uso kumtizama baba wa mtu, kaona au hakuona. Kaona. Lakini uso uliponyanyuka na mkono ukanyanyuka kidogo, plagi ikaachana na chuma, na huyu bwana, sijamwambia piga, akapiga.

Umeme ule hauui, jamani, ila unatembea. Niliuhisi umeingia kidole gumba, ukapanda kiwikoni, ukafika kwapani ukasimama ukafikiri pa kwenda, halafu ukatokea menoni. Nkamsikia mtu anapiga ukelele "MAMAAAA!" nkajiuliza nani huyu mtu mzima hana haya, kumbe mie. Na ng'ambo ya njia kulikuwa na bibi anakaanga bajia, hanijui simjui, akaitika kwa roho safi kabisa:

"Abee mwanangu!"

Mie niko hewani. Nkarudi kinyumenyume nkamvaa muuza kahawa, dele likenda upande wake vikombe upande wao, ile shahada nadhani ilikuwa hapo. Bibi keshavuka njia, mwiko mkononi unachuruzika mafuta, ananiuliza "Wamekufanyani?" na macho kamtolea imamu.

Voisi inaishia hapo. Ilobaki huyu bwana hataki muisikie.

Mzee mmoja mwenye bakora aliiokota plagi, akainusa, akanambia, "Plagi kavu hii. Umeme ushauona kwa macho na kwa mwili. Petroli yako iko wapi?" Akanyanyua kiti, akafungua kifuniko cha tangi, likavuta pumzi fyuuuu tukalisikia sote. Chini ya kifuniko pana kipande cha nailoni, kimekunjwa vizuri, na nailoni zenyewe marufuku Zanzibar, sijui ilipatikana wapi. Kifuniko kile kina kitundu cha hewa, petroli ikishuka hewa inaingia kushika nafasi yake. Ukikiziba petroli inashuka kidogo halafu inagoma, ukingoja hewa inajipenyeza polepole, inawaka tena, na wewe unakwenda kununua koili.

Nailoni katia nani? Mvua zilipoanza kuna mtu aliazima vespa yangu kwenda nayo Bububu, akairudisha ananambia "nimekuzibia tangi maji yasiingie, usijali." Mtu huyo ndo huyo wa voisi! Na siku zote nnapoisukuma, yakhe, na yeye yuko nyuma anasukuma.

Basi. Kahawa nimelipa, vikombe nimelipa, bajia nimepewa bure kwa sharti niwe napita kumjulia hali bibi. Baba wa mtu aliondoka saa ngapi sijui na sijauliza. Vespa inafika mjini haisimami. Koili ninayo, bado mpya, anoitaka aje inboksi tuzungumze bei, isipokuwa mtu mmoja, yeye bei yake mara mbili na anaongeza vikombe.