Acheni Kutuma Pole, Niko Hai

Jamani, sikutaja pa kuzikwa.

Naanza na hilo kwa sababu tangu jana jioni simu yangu inaita utadhani nagombea udiwani. Kila anayepiga anaanza na ile sauti ya chini, ya msibani. Akisikia ni mimi mwenyewe nimepokea, anakata. Shangazi yangu mmoja hakukata, alipiga yowe.

Aliyesambaza anajijua. Tunasoma naye urubani, tunabanana naye daladala moja kutoka Buzuruga, hapa Mwanza, na asubuhi ile nilipokuwa naruka alikuwa amekaa kivulini na redio ya mkononi, anasikiliza masafa ya mnara wa kuongozea ndege "ili kuzoea lugha". Lugha aliyoizoea ni ya umbea. Status yake mmeiona: "Mwenzetu injini imemzimikia juu ya ziwa, amewahi kuelekeza apelekwe Magu." Chini yake viganja viwili vinaomba.

Injini haikuzima! Hili linaniuma kuliko hilo la maziko. Ilikuwa inanguruma muda wote, na ingeweza kuongea ingenitetea.

Tulikuwa kwenye zoezi la stoli. Bawa la ndege linabeba kwa sababu hewa inalipitia vizuri, juu na chini. Ukiinua pua kupita kiasi, pembe kati ya bawa na hewa inayokuja ikifika kama digrii 15 hivi, hewa ya juu inaachana na mgongo wa bawa, inavurugika, na bawa linaacha kubeba. Hapo ndege haielei tena, inadondoka. Unafundishwa kuifanya makusudi, huko juu sana, ili siku ikikujia chini karibu na uwanja, mikono iwe inajua la kufanya kabla kichwa hakijamaliza kushangaa.

Na la kufanya ndilo lenye kero. Ndege inaanguka, wewe unaona maji, kila mshipa ulionao unakuambia vuta usukani uinue pua. Ukivuta umejimaliza, maana pua ilikuwa juu mno tangu mwanzo. Unatakiwa usukume mbele. Unaanguka, halafu unaielekeza pua chini zaidi, kwa hiari yako, na ada umelipa.

Sasa mwalimu wangu. Mzee wa Tanga, mpole, maneno anayatoa moja moja. Darasani ni Kiingereza, redioni ni Kiingereza, ila jambo likiwa la haraka anarudi kwenye Kiswahili chake. Anapenda kumpooza mwanafunzi kwa maongezi kabla ya kuruka. Tuko tunasubiri ruhusa ya kuingia njia ya kurukia, akaniuliza, "Hivi binti, wewe kabila gani? Kwenu hasa ni wapi?" Nikafungua mdomo nijibu, mnara ukatuita. Swali likabaki linaning'inia. Wadau, lishikeni hilo swali, ndilo limenifikisha hapa.

Tuliruka asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Tukaacha mawe ya Ilemela chini, tukakata kaskazini tukiambaa na ufukwe hadi upande wa Kayenze, pale Ghuba ya Speke inapoanza kufunguka, saa ya kimo ikisoma futi 7,000. Ndege ya injini moja huipeleki katikati ya ziwa kufanya majaribio. Unakaa umbali ambao injini ikigoma kweli unaweza kuteleza hadi nchi kavu. Maboya tulivaa pia.

Na kwa mliouliza "futi 7,000 si juu sana?": Mwanza ni ya juu yenyewe. Ndege ikiwa imepaki uwanjani, magurudumu yanagusa lami, saa ya kimo inasoma zaidi ya futi 3,700. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ukisoma 7,000, chini yako una futi 3,200 hivi tu za kufanyia makosa. Mwalimu anataka uwe umeshajinasua kabla hujabakiza 1,500 kufika majini. Fanyeni hesabu mkiwa mmekaa. Mimi niliifanya nikiwa naangalia mitumbwi ya wavuvi.

Kabla ya stoli kuna ukaguzi. Kimo kinatosha? Kinatosha. Mikanda? Imebana. Injini? Joto na shinikizo la mafuta viko sawa. Tuko mbali na mji? Ndiyo. Tukageuka kushoto, tukageuka kulia, kuangalia kama hakuna ndege nyingine wala makorongo, maana Mwanza makorongo hayaogopi mtu. "Na vitu visivyofungwa?" mwalimu akauliza. Nikasema hakuna.

Mfukoni mwa jaketi nilikuwa na mfuko wa rambo wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Mama alinifungia. Jamani, chakula si kitu kisichofungwa, chakula ni chakula.

Ya kwanza alifanya mwalimu. Pua juu, kamlio, pua chini, moto wa injini, tumerudi. Sijamaliza hata kumeza mate. Nikajisemea, kumbe ni hivi tu? Nikakaa sawa, nikavuta pumzi ya mtu mwenye leseni.

"Haya binti. Yako."

Napunguza moto hadi mwisho. Injini inashusha sauti, inabaki kuguna (INAGUNA, wadau, haijazima). Kazi yangu ni kuzuia ndege isishuke, kwa hiyo navuta usukani kidogokidogo. Pua inapanda. Ziwa linaondoka kwenye kioo, vinaondoka vilima vya ng'ambo, inabaki mbingu. Sindano ya mwendo, inayosoma maili za baharini kwa saa, inarudi nyuma: 70, 65, 60. Inakaribia 50, ambazo ni kama kilomita 90 kwa saa. Mwendo ambao trafiki wa Usagara anakusimamisha kwa kuzidisha, huku juu ndio mwendo wa kuanguka.

Ukimya unaingia. Upepo uliokuwa unapiga kelele kwenye vioo unapungua. Usukani unalegea, unauzungusha na ndege haikusikii. Kisha king'ora. Kwenye Cessna yetu hakitumii umeme. Ni kitundu kwenye ukingo wa bawa la kushoto, hewa ikifyonzwa pale kinatoa mlio mwembamba, wa kinyonge. Unaanza chini, unapanda, unapanda. Ndege nzima inaanza kutetemeka, kwenye kiti naisikia. Nasubiri pua ianguke mbele kwa heshima, vile ilivyoanguka kwa mwalimu.

Haikuanguka mbele. Bawa la kushoto ndilo lililoanguka. Pwaa!

Dirisha langu lililokuwa na mbingu likajaa maji. Ziwa lote, na mtumbwi mmoja, na mvuvi ndani yake, ambaye ninaapa aliinua kichwa.

Vitabu vinasema: sukuma mbele, zuia bawa kwa mguu, yaani kanyaga pedali ya upande ulio juu. Usukani usiugeuze, kwa sababu ukiugeuza kulia, kile kibao cha nyuma ya bawa la kushoto kinashuka, bawa lililokwisha kuchoka linazidishiwa pembe, linakufa zaidi. Haya nilikuwa nayajua. Nimeyaandika kwenye mtihani, nikapewa vema.

Miguu yangu ilikuwa imekunjwa chini ya kiti. Sijui ilikwenda saa ngapi. Mikono yote miwili iliukumbatia usukani, ikaugeuza kulia na kuuvuta kifuani, na mdomo ukafunguka peke yake:

"MAYU WANEEE!"

Ndege ikaongeza kulala kushoto. Na hapa ndipo mfuko wa rambo ukachomoka. Matobolwa yakapanda. Yaani yakapanda kweli, taratibu, vipande vya viazi vya mama vikipita mbele ya macho yangu, kimoja kikamgonga mwalimu kwenye miwani. Kwenye vipokea sauti namsikia, bado mpole lakini haraka:

"Sukuma!"

Ubongo wangu wakati huo ulikuwa umeshashuka, umebaki kule chini tulipokuwa tunasubiri ruhusa. Nikapaza sauti:

"NDIYO MWALIMU!"

"Sukuma, binti, sukuma!"

"WA MAGU! WA MAGU MWALIMU! KWETU MAGU! KWA BABA MDOGO, KARIBU NA MASHINE YA KUSAGA!"

Sasa kuna jambo moja la kiufundi. Kitufe cha kuongelea redio kimewekwa kwenye pembe ya usukani, pale pale kidole kinapokaa. Ukikibonyeza unasikika na wote walio kwenye masafa hayo. Ukikibana hukiachii, hakuna mwingine anayeweza kuongea, na wewe humsikii mtu aliye nje ya ndege yako. Na kinachotoka ni sauti ya aliyebonyeza tu. Ya mwalimu haitoki.

Kwa hiyo mnara ulisikia nini? Haukusikia "sukuma" hata moja. Ulisikia msichana anamlilia mama yake kwa Kisukuma, anakubali jambo kwa sauti ya kukata tamaa, halafu anaeleza kwao ni wapi hadi mashine ya kusaga. Hata mimi ningekuwa pale kivulini na redio ningevua kofia.

"Ndege ni yangu," mwalimu akasema. Hapo mwanafunzi anatakiwa aachie mara moja na aseme ameachia. Nilisema nimeachia. Sikuachia. Mzee wa watu akausukuma usukani mbele na mimi nikiwa nimening'inia kwenye wangu upande huu, akakanyaga pedali ya kulia, mabawa yakanyooka, akatia moto wote, pua ikapanda polepole. Tulipoteza futi kama 600. Yeye hata jasho hakutoka. Ndipo akanyoosha mkono akaanza kunibandua, kidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye cha kitufe akasita. Akakiangalia kidole. Akaniangalia mimi.

"Binti. Umeongea na nani?"

Nikakiachia, na masafa yote yakawa kimya. Ule ukimya nausikia hadi sasa hivi ninavyoandika. Halafu mwongoza ndege, kwa Kiingereza kilichonyooka, akauliza kama ndege iliyotaja Magu ina dharura. Mwalimu akajibu hakuna dharura, ni mazoezi, kila kitu kiko sawa. Kimya tena. Kisha rubani wa ndege kubwa ya abiria iliyokuwa imesimama inangoja zamu ya kuruka kwenda Dar, sauti nzito ya mtu mzima, akasema neno moja tu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma:

"Mwangaluka."

Nilitamani injini izime kweli.

Yaliyofuata hayana maana. Mwalimu akaokota tobolwa moja juu ya dashibodi, akalifuta, akala, akasema kumbe tamu. Akanirudisha juu tukafanya tena. Mlio, sukuma, mguu, moto. Tena. Mara ya mwisho miguu ilikuwa mahali pake na nilipoteza futi 150 hivi, ambayo kwa mwanafunzi ni sifa. Hiyo haiko kwenye status ya mtu yeyote. Tukatua, nikashuka, wafanyakazi wa uwanja wakaniamkia kwa jina la wilaya.

Mama nimeshamweleza. Tatizo liko Magu. Status ilifika huko kabla yangu, kundi la ukoo likachangishana jioni ile ile, na baba mdogo alishapanda basi la kuja kuutambua mwili. Nilikutana naye stendi, akanishika shika mabega, akaniuliza nina uhakika. Shangazi, ambaye ndiye mweka hazina na utani hataki, ametangaza kwenye kundi kwamba michango hairudishwi kwa sababu turubai limeshalipiwa na mchele umeshanunuliwa.

Basi Jumamosi nakwenda Magu kukaa chini ya turubai langu. Wali upo, na mbuzi nasikia amepatikana. Msambazaji hajaalikwa, lakini leo ameniuliza kama kwa baba mdogo ni kulia au kushoto ya ile mashine ya kusaga.