Hiyo 7805 Itoeni Chini ya Siti

Kuna klipu inazunguka tena kwenye magrupu. Jamaa ana pikipiki, ana tundu la USB, ana 7805 moja, ile aisii ya miguu mitatu inayoshusha umeme hadi volti 5, na singeli inapiga nyuma yake. Anachomelea waya, anachomeka simu, alama ya chaji inatokea, watu wanamwaga makopakopa na "fundi wa taifa". Klipu inaishia hapo. Lazima iishie hapo, maana kamera ingeendelea dakika chache tu tungeona kinachofuata.

Kinachofuata nakijua. Dogo mmoja wa kijiweni kwetu alifungiwa kitu hichohicho chini ya siti, kikaviringishwa soltepu nyeusi, akaambiwa ni chaja ya ampea moja. Akawa analalamika: simu inachaji, inaacha, inachaji, inaacha. Akarudi kwa fundi wake. Fundi akaigeuza simu, akaibonyezabonyeza mgongoni, akatoa hukumu: "Betri ya simu imekufa hii." Dogo akanunua betri mpya. Ikachaji, ikaacha. Siku alipoinua siti mbele yangu, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Soltepu ilikuwa imelainika ikateleza pembeni, gundi imeganda kwenye waya, na lile bati la nyuma la aisii lilikuwa haligusiki.

"Braza, kumbe hiki ndio kinaungua?"

Hakikuwa kinaungua. Kilikuwa kinajizima kwa joto, kikipoa kinawaka tena. 7805 imeundwa na kinga hiyo ndani yake, na ni hiyo kinga tu iliyokuwa inafanya kazi kwa uaminifu kwenye pikipiki ile. Betri ya simu haikuwa na kosa lolote. Pesa ya dogo imekwenda.

Sasa tupige hesabu, na ni hesabu ya shule ya msingi, ndiyo maana inaniuma. Injini ikiwa inaunguruma, betri ya pikipiki inasoma volti 14 au zaidi kidogo. Simu inataka 5. Zile 9 zinakwenda wapi? 7805 haizigeuzi kuwa kitu chochote cha maana, inazitoa kama joto. Simu ikivuta ampea 1, joto ni wati 9, na simu yenyewe inapata wati 5. Siti inakula kuliko simu! Tena aisii ile ikiwa uchi, bila hitisinki (bati la kupoozea), inapanda nyuzi kama 65 kwa kila wati moja. Chukua joto la Dar la nyuzi 32, chukua kikomo cha nyuzi 125 kule ndani, unabaki na nafasi ya wati 1.4 hivi. Gawanya kwa volti 9. Ni ampea 0.16. Hiyo ndiyo "ampea moja" uliyouziwa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: mbona yangu ina mwaka wa pili haina shida? Haina shida kwa sababu aliyekufungia hakuziunganisha pamoja zile pini mbili za data kwenye tundu la USB, kwa hiyo simu inadhani imechomekwa kwenye kompyuta na inavuta nusu ampea au chini ya hapo. Na hata hiyo nusu ni wati 4.5, mara tatu ya inachoweza kubeba ikiwa uchi. Labda siti yako ina feni. Hongera.

Lakini bodaboda angalau ana injini inayorudisha umeme. Kinachonitoa kabisa kwenye mstari ni kuikuta 7805 hiyohiyo kwenye sola za vijijini. Mtu ana betri ya volti 12, ampea-saa 7, taa zake mbili na simu. Regulata (kishusha volti) ya namna hii ikiipa simu ampea 1, inachukua ampea 1 kutoka kwenye betri, haina punguzo. Kwenye karatasi ni saa 7 betri imekwisha. Kiuhalisia ni mapema zaidi, na betri ya asidi ukiikausha hivyo kila usiku unaichimbia kaburi. Chukua badala yake moduli ya LM2596, nayo ni ya kushusha volti, ile bodi ndogo yenye koili nyeusi na kiskrubu cha kurekebishia. Yenyewe inakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, koili na kapasita zinaulainisha, na kutoka 12 kwenda 5 inafikisha ufanisi wa asilimia 80 hivi. Ampea 1 ya simu inaigharimu betri kama ampea 0.52. Yule mtu kajinyima misimu miwili ya ufuta akanunua paneli, halafu nyie mnachukua zaidi ya nusu ya umeme wa simu yake mnapashia bati. Mtoto anataka kusoma usiku. Mnamfanyia hivyo kwa nini? Kwa tofauti ya bei ya sahani ya chipsi mayai?

Moduli nayo ina masharti. Ikitoka dukani imewekwa volti yoyote ile, inaweza kuwa hata 11, na ukichomeka simu hivyohivyo usinitafute. Weka mita kwenye matokeo (upande unaotoa umeme) kwanza, zungusha kiskrubu polepole, na usishangae ukizungusha raundi kadhaa hakuna kinachosogea. Ikifika 5, kidondoshee gundi ya kucha hapo juu ili mtikisiko wa barabara usiihamishe.

Haya, nikubali kitu kimoja, maana wazee wa redio watanila nyama. Kule kukatakata kunatoa kelele, na kelele hiyo inaingia moja kwa moja kwenye masafa ya kati. Redio ya mzee inayotaka volti 9 na kuvuta ampea 0.1 iwekeeni 7809, ndugu ya 7805 anayetoa volti 9, kutoka kwenye betri ya 12: joto ni wati 0.3, hata hitisinki haihitaji, na redio inabaki kimya vizuri. Ukoo wa regulata hizi ulianzia kwenye LM109 ya mbunifu wa aisii Bob Widlar, pale kampuni ya National Semiconductor, kuelekea 1970, iliyokusudiwa kukaa juu ya kadi ya saketi ikiwa na vikapasita vyake pembeni. Kwenye kazi yake ni kifaa bora. Na ndiyo, ukiifungia 7805 hitisinki kubwa ya kujaa kiganja na grisi yake inaweza kuhimili hiyo ampea 1. Niambie sasa hitisinki hiyo utaiweka wapi kwenye Boxer.

Mnaochomoa spea kwenye bodi za zamani: bati la nyuma la 7805 ni negativu, la LM317 ni matokeo, la 7905 ni ingizo (hizo mbili nazo ni regulata). Zote zina sura moja. Someni namba.

Na fyuzi inakaa karibu na betri, sio karibu na simu. Yule wa kwenye klipu kapitisha waya mwekundu chini ya tangi la petroli, fyuzi hamna, halafu ndiye mnayemwita wa taifa.