Mtoto Yupo, Njoo na Laki Nane

Shoga yangu mmoja wa Mikindani alinipigia simu juzi, sauti kaishusha kama mtu anayekopa. "Wewe ulishapita huko. Nielekeze kwa wakala wa watoto anayeaminika. Tumeuza korosho, hela kidogo ipo."

Nikamwambia, ukimwona hapa Mtwara mtu anajiita wakala wa watoto, geuza njia. Njia ya sheria haimpitii. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, anayetaka kuasili, yaani kumchukua mtoto wa mwingine awe wake kisheria, huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, jalada likapanda mpaka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na amri yenyewe hutolewa na Mahakama Kuu. Mwenyekiti wa mtaa hana amri hiyo, na hakimu wa mahakama ya mwanzo hana. Sisi wa Lindi na Mtwara wala hatuna sababu ya kupanda basi la Dar, Mahakama Kuu ina kanda yake hapa hapa Mtwara mjini.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nami niliwahi kukaribia kuharibu. Baada ya mimba mbili kutoka, mtu mmoja, nimstiri, alinijia nyumbani jioni. "Mtoto yupo. Wa kike, miezi minne. Njoo na laki nane, karatasi tutazimaliza wenyewe." Nikamuuliza mama wa mtoto yuko wapi. Akasema hayo hayanihusu. Na usiku ule, Mungu anisamehe, nilizihesabu hela.

Aliyenizuia ni mama mkwe. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Na bibi yake huyo mtoto yuko wapi?"

Mtu wa kwingine huenda asilione uzito wake swali hilo. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama akifa au akishindwa, kuna mjomba, kuna bibi, kuna mama wadogo. Kutoka Newala hadi Nachingwea, mtoto ambaye kweli hana mtu ni nadra. Walio wengi ni watoto ambao ndugu zao hawajatafutwa, au wametafutwa na mtu asiyetaka kuwapata. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa ofisi yoyote au makao yoyote ya watoto ni hiki: wamemtafuta bibi? Wakuoneshe walikwenda kijiji gani, walizungumza na nani, lini. Wakikujibu "ametelekezwa" kisha wakanyamaza, bado hujajibiwa.

Uganda waliyaona haya. Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa huko, pamoja na wakili mmoja na mumewe, kwa mtandao wa kupeleka watoto ng'ambo. Wazazi vijijini waliambiwa watoto wanakwenda Kampala kusoma. Walikuwa wanapelekwa kwa familia za Marekani kama yatima.

Wanakwenda kusoma! Nani wa Kusini hajawahi kuisikia kauli hiyo? Ndiyo inayowatoa mabinti wetu vijijini kwenda kufanya kazi za ndani Dar, na mama hujua ukweli siku binti anaporudi bila daftari. Sisi tunaijua vizuri kuliko mzungu yeyote, ndiyo maana siwaelewi watu wetu wanaoitumia tena kumtoa mtoto kwa mama maskini, safari hii mtoto abadilishwe na jina kabisa. Kama tatizo la mama ni unga na sare za shule, basi dawa yake ni unga na sare za shule.

Hela, nitasema kifupi. Kuna gharama halali, ya wakili kwa mfano, na inapewa risiti. Bei ya mtoto haina risiti.

Binamu yangu aliyeko Uingereza yeye kweli atapitia wakala, huko mashirika ya kuasili yapo na yana leseni. Lakini leseni ya huko haiwezi kumtafuta bibi wa huku. Uholanzi ilisimamisha kuasili watoto kutoka nje mwaka 2021 baada ya uchunguzi kuonesha hati zilizochezewa kwa miaka mingi, na hao si nchi isiyo na makaratasi. Nilimwambia pia kwamba mgeni anayetaka kuasili hapa, sheria inamtaka awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Wapo wanaolilalamikia sharti hilo. Mimi nalipenda. Miaka mitatu inatosha kujifunza kusalimia jirani za mtoto.

Jambo lingine ambalo dalali hatakwambia ni kwamba kuasili si mlango pekee. Sisi Waislamu tunaijua aya ya Qurani, sura ya Al-Ahzab, juu ya watoto wa kulea: waiteni kwa baba zao. Amri ya kuasili inakata uhusiano wa kisheria na wazazi wa damu. Malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto bila kumfanya wako kisheria, hayakati. Afisa mwaminifu atakueleza yote mawili bila kukusukuma. Binti tunayemlea tulimpata kwa njia ya ustawi, na anaitwa kwa jina la baba yake. Bibi yake yupo Masasi, huja na ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye kikapu, na hukaa siku tatu akinikosoa ninavyomsuka mjukuu wake. Ananichosha, na sitaki aache kuja.

Shoga wa Mikindani alikwenda ofisini wiki iliyopita, akarudi kanuna. Afisa alikuja hadi nyumbani, akakagua choo, akauliza nani analala chumba gani, akataka kuzungumza na mumewe peke yake. Hayo aliyavumilia. Kilichomuudhi ni swali la mwisho: ukishampenda mtoto, halafu ndugu zake wakatokea, utafanya nini?

"Ulimjibu nini?" nikamuuliza.

Alisema bado anafikiri, na kwamba afisa kampa wiki mbili.