Kocha Hakujiajiri

Tarehe 18 Oktoba 2025 Chelsea waliichapa Nottingham Forest 3-0 katika dimba la Forest wenyewe, City Ground. Mmiliki wa Forest, Evangelos Marinakis, alikuwa ameshanyanyuka kitini kabla mchezo haujaisha. Filimbi ya mwisho ikalia, na hata dakika ishirini hazijatimia tangazo likatoka: Ange Postecoglou si kocha wa Forest tena. Alikuwa amekaa siku 39. Mechi nane, sare mbili, vipigo sita, ushindi hakuna.

Wengi walimcheka. Mimi nilishikwa na hasira, na nimekaa nayo hadi leo, kwa sababu aliyechekwa ndiye aliyekuwa na kosa dogo kuliko wote waliohusika.

Kumbuka Forest ilikuwa timu ya namna gani. Msimu wa 2024/25, chini ya Nuno Espírito Santo, ilimaliza ya saba kwa pointi 65 na kurudi kwenye mashindano ya Ulaya baada ya karibu miaka thelathini. Ilikuwa timu inayomwachia mpinzani mpira bila wasiwasi wowote. Inajaa nyuma, mabeki Murillo na Milenković wanaondoa kila krosi, mpira ukinaswa unapelekwa pembeni upesi, na Chris Wood anamaliza kazi. Wood alifunga mabao 20 ya ligi msimu ule. Kila mchezaji alijua pa kusimama hata ukimwamsha usiku wa manane. Kisha Nuno akakosana na wakubwa wake, maneno yakafika hadi kwenye vyombo vya habari, na mwanzoni mwa Septemba akatimuliwa baada ya mechi tatu tu za ligi. Kwa hilo sina ugomvi mkubwa. Watu wanaofanya kazi pamoja hushindwana.

Ugomvi wangu ni kwa jina lililofuata. Postecoglou hutaka safu ya ulinzi ipande hadi karibu na mstari wa kati, mabeki wa pembeni waingie katikati, na timu ikabe juu muda wote. Hajawahi kuficha. Novemba 2023, akiwa Tottenham, alibaki na wachezaji tisa uwanjani dhidi ya Chelsea na bado mabeki wake wakasimama mbali na lango lao, uwanja mtupu mgongoni. Wakafungwa 4-1. Dunia nzima iliona. Basi mtu anamchukua kocha huyo, dirisha la usajili limeshafungwa, hakuna wiki za maandalizi, anamkabidhi mabeki waliozoea kulinda ndani ya eneo la kumi na nane, karibu na lango lao, halafu anashangaa wanapopitwa kama hawapo. Aliyeketi mezani akasaini mkataba ule alikuwa na taarifa zote alizohitaji. Alikosea siku ya kuajiri, na yaliyotokea Oktoba 18 yalikuwa ni kulipia tu.

Baada ya siku tatu Forest wakamleta Sean Dyche, mtu wa kujipanga nyuma na kucheza moja kwa moja. Yaani klabu ilizunguka kote huko, ikafukuza makocha wawili, kisha ikarudi karibu na pale pale ilipokuwa Agosti.

Sisemi kocha asiguswe katikati ya msimu. Kuna mifano iliyofaulu, na ningekuwa mwongo nikiificha. Februari 2017 Leicester City walimwondoa Claudio Ranieri, miezi tisa tu baada ya kuwapa ubingwa wa Uingereza ambao hakuna aliyeutarajia. Nililiona kuwa jambo la aibu, na kwa utu bado naliona hivyo. Lakini timu ilikuwa ya 17, pointi moja juu ya eneo la kushuka daraja. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akapewa timu. Mechi ya kwanza wakaifunga Liverpool 3-1, Jamie Vardy akapachika mawili, na wakashinda mechi tano za kwanza za ligi mfululizo. Shakespeare alifanya nini? Aliwarudisha kwenye kile walichokijua: mistari miwili ya watu wanne, kukaba kwa jasho, mpira mrefu nyuma ya mabeki, Vardy anakimbia. Hakuongeza somo jipya. Aliwapa wachezaji walewale mchezo wao wa zamani.

Hapo ndipo ninapopimia uamuzi wa kila bodi. Swali la kumuuliza kocha mpya anayeingia Novemba au Februari ni moja: hawa waliopo, leo, bila kununua mtu, watacheza vipi? Kama jibu lake linaanza na majina ya wachezaji ambao klabu haina, mshukuru kwa muda wake na umwite mwingine.

Manchester United hawakuuliza. Au waliuliza wakajibiwa ukweli, wakaupuuza, jambo ambalo ni baya zaidi. Msimu wa 2023/24 walimaliza wa nane, nafasi yao ya chini kuliko zote tangu Ligi Kuu ianzishwe mwaka 1992, kisha wakaifunga Manchester City 2-1 na kubeba Kombe la FA. Viongozi wakakaa kumjadili kocha wao, Erik ten Hag, wakazungumza na makocha wengine, hawakumpata waliyemtaka, wakarudi kwake. Julai wakamwongezea mkataba. Wakatumia takriban pauni milioni 200 kusajili. Oktoba 28 wakamfukuza, timu ikiwa ya 14 baada ya mechi tisa. Kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Mkurugenzi wa michezo, Dan Ashworth, ambaye klabu ilimsubiri kwa miezi kadhaa, naye akaondoka Desemba baada ya miezi mitano kazini, na hilo likaongeza pauni milioni 4.1 kwenye hesabu.

Ukisoma mfululizo huo polepole utaona kwamba uamuzi mbaya kuliko yote ni ule wa Julai. Kumwongezea mkataba mtu uliyekuwa unamtafutia mrithi wiki chache zilizopita ni kumdhoofisha mbele ya wachezaji wake mwenyewe. Kila mchezaji alijua. Kipigo cha kwanza tu, na minong'ono ya chumba cha kubadilishia nguo inarudi.

Kisha akaja Ruben Amorim, kutoka Sporting ya Lisbon, na mfumo wake wa 3-4-3: mabeki watatu nyuma, wanne katikati, wawili kati yao wakiwa pembeni, na watatu mbele. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliomba aje mwisho wa msimu, akaambiwa ni sasa au basi. Mfumo ule unahitaji mabeki wa pembeni wenye mapafu ya kupanda na kushuka dakika tisini. United walikuwa na mawinga, watu wa kusubiri mpira kwenye chaki na kumkabili beki ana kwa ana, ambao katika mfumo huo hawana pa kukaa. Usajili wa milioni 200 ulikuwa umefanywa kwa ajili ya kocha aliyetangulia. Matokeo: nafasi ya 15, pointi 42, msimu mbovu kuliko yote tangu walioshuka nao daraja mwaka 1974. Fainali ya Europa League kule Bilbao wakafungwa 1-0 na Tottenham, ambao nao walikuwa wa 17 kwenye ligi.

Hapa sitamtetea Amorim kwa kila kitu. Kocha aliyekubali kazi amekubali na wachezaji aliowakuta. Unapoona wiki baada ya wiki viungo wako wawili wanazidiwa na watatu wa wapinzani, katikati pameachwa wazi kama barabara kuu alfajiri, nawe unaendelea na umbo lilelile kwa sababu ndilo lililokuletea sifa kwingine, hapo kosa limekuwa lako. Msimamo ni kitu kizuri kwa kocha. Lakini mfumo ni vazi, hukatwa kwa kipimo cha mwili uliopo. Na wanaolipia ukaidi huo ni vijana, wanaozomewa kila Jumamosi kwa kushindwa kazi ambayo hawakuwahi kufundishwa. Hilo linaniuma kuliko msimamo wa ligi.

Kuna jambo la takwimu ambalo wenye timu wangelielewa, wangeokoa fedha nyingi. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichambua misimu ya ligi kuu ya nchi hiyo kuanzia 1986 hadi 2004. Timu zilizofukuza kocha zilipanda baada ya hapo, kweli. Ila timu zilizopita kwenye mkosi unaofanana na huo bila kumfukuza kocha nazo zilipanda. Sababu si ngumu. Kocha hufukuzwa pale timu inapokuwa shimoni kabisa, wakati mipira inagonga mwamba, nahodha ni majeruhi, na kipa anateleza. Mambo hayo hayadumu. Anayeingia wiki hiyo anakuta upepo unageuka, anapigiwa makofi, na bodi inaamini imeponya ugonjwa.

Sisi mashabiki tuna mkono wetu humo. Tunaimba jina la kocha aondoke, kamera zinatuonyesha, na wenye timu wanapata njia rahisi ya kutupoza. Ni nadra kusikia uwanja mzima ukiimba jina la aliyesaini usajili.

Agosti 2021 Arsenal walipoteza mechi tatu za kwanza za ligi: Brentford, Chelsea, kisha 5-0 kwa Manchester City. Bao hata moja hawakufunga. Walikuwa mkiani, baada ya misimu miwili ya kumaliza nafasi ya nane. Kelele za kumtaka kocha Mikel Arteta aondoke zilikuwa kubwa, na nakiri nami nilikuwa nimemkatia tamaa. Bodi haikumgusa. Majira yale ilikuwa imesajili wachezaji sita, Ødegaard, White na Ramsdale wakiwemo, wote wa miaka 23 au chini, wote kwa ajili ya mchezo ambao kocha huyo alitaka kuujenga. Wengine walikuwa hawajacheza hata dakika moja ya ligi. Waliomwajiri walijua walichomwajiria, na walijua kilikuwa bado hakijaanza. Septemba 11 wakaifunga Norwich 1-0, na msimu huo wakamaliza wa tano.