Kulukulu na Kanzu ya Baba Mkwe

Mgeni aliyezua ugomvi nyumbani kwetu, huku juu milimani Usambara, si mbali na Lushoto, hakuwa baba mkwe, ingawa naye alikuwapo; alikuwa ndege aliyezoea kuja alfajiri kula forosadi nyuma ya jiko. Mimi nilimwona ametua tawini: kifua cha kijani, kishungi cheusi chenye kung'aa kwa buluu, na doa jeupe mbele ya jicho lililozungukwa na ngozi nyekundu. Mke wangu, ambaye alimwona akiruka tu, aliapa kwamba ndege huyo ni mwekundu, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha kama nimewahi kupimwa macho. Baba mkwe, ambaye hakumwona kabisa, ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko sisi sote: ni kasuku aliyemtoroka mzungu.

Ubishi huo ungeendelea hadi msimu wa forosadi uishe, kama mwanangu asingeokota manyoya mekundu chini ya mti, akayatia katika mfuko wa shati la shule na kuyasahau humo. Jioni shati lilirowekwa kwa sabuni ya mche, beseni moja na nguo nyingine nyeupe, ikiwamo kanzu ya baba mkwe ambayo huvaliwa Ijumaa peke yake. Kulipokucha, kanzu ilitoka majini ikiwa ya waridi kifuani na mgongoni.

Mtoto alishtakiwa papo hapo kwa kosa la forosadi, na angehukumiwa, lakini bibi jirani, ambaye huwa na haja ya kuazima chumvi kila anaposikia kelele kwetu, alisema kwamba forosadi huacha zambarau. Akapekua mfuko, akatoa manyoya yaliyopauka, akacheka hadi akashika ukuta.

“Kulukulu huyo, wajukuu zangu. Akitua huficha wekundu wake. Akiruka ndipo anapoufunua.”

Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikuwa sahihi sote wawili, jambo geni zaidi ya ndege mwenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba huyu ni kulukulu wa Hartlaub, wa misitu ya milimani ya Kenya na Tanzania, na kwamba wekundu wa mbawa zake ni turasini, rangi yenye madini ya shaba ambayo mwanakemia Mwingereza, Arthur Church, aliieleza mwaka 1869, nayo huyeyuka katika maji yenye magadi au sabuni. Nilimfafanulia baba mkwe hayo yote kwa adabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza iwapo huyo Mwingereza atalipa kanzu.

Ijumaa ilipofika hakuwa na nyingine, akaivaa hiyo hiyo. Msikitini mzee mwenzake aliishika pindo, akauliza kwa husuda kitambaa hicho kinapatikana wapi, na baba mkwe, bila hata kunitazama, akajibu kwamba mkwe wake alimwagizia kutoka Muscat.