Udi wa Nubia: ni jadi, au ni majonzi yaliyopata chombo kipya?

Mara ya kwanza kumsikia Hamza El Din, mwanamuziki Mnubi wa Misri, akipiga udi, ile ala ya nyuzi ya kwenye taarabu, niliacha nilichokuwa nakifanya. Uzi mmoja mnene unajirudia, unajirudia tena, na juu yake inapita sauti nyembamba kama ya mtu anayejisemea. Baadaye kidogo anaanza kuimba, taratibu, bila kukaza koo, kama anayembembeleza mtoto aliyekwisha kusinzia. Kipande chenyewe kinaitwa Escalay, yaani gurudumu la kuvutia maji kwa Kinubi. Kilitoka mwaka 1971 na kinazidi dakika 20. Kandokando ya Nile, kijana alikaa nyuma ya ng'ombe saa nzima nzima, ng'ombe wakizunguka, mbao zikilia, vyungu vikipanda na maji na kushuka vitupu. Udi unazunguka vivyo hivyo, na anayesikiliza anazunguka nao.

Ndiyo maana wengi huuita muziki wa kutuliza moyo, tena wakaongeza: wa jadi. La kwanza sina ubishi nalo sana. La pili lina maneno.

Wanubi ninaowasema ni wale wa kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Wasichanganywe na Wanubi wa Kibera, Kenya, na wa Bombo, Uganda, ambao ni wajukuu wa askari waliotoka Sudan na ambao lugha yao imezaliwa na Kiarabu. Lugha za Wanubi wa Nile si Kiarabu hata kidogo.

Sasa, ukimuuliza mzee wa huko ala ya kwao ni ipi, hataanza na udi. Atataja kisir, ala ya nyuzi tano ambayo ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Atataja tari, ile ngoma ya duara isiyo na njuga ambayo sisi pia tunaiita tari. Na atataja makofi. Harusi ya Kinubi ni watu waliopanga mstari bega kwa bega, wanapiga makofi yanayopishana, miguu inakwenda pamoja. Hapo hakuna mtu mmoja aliyefumba macho na udi kifuani.

Udi uliingia kutokea mjini. Hamza mwenyewe alizaliwa Toshka, kijiji cha Nubia ya Misri, mwaka 1929, akasomea uhandisi Cairo na kufanya kazi kwenye shirika la reli, na udi aliujulia huko huko mjini. Mwaka 1964 alikuwa tayari jukwaani Newport, Marekani, mbele ya watu wasiojua neno lake hata moja. Wakati huohuo Wanubi waliohamia Cairo walikuwa wakicheza harusini na Ali Hassan Kuban, aliyeingiza saksafoni, tarumbeta na gitaa la umeme. Kwa hiyo anayesema kwamba utulivu huu umetengenezwa kwa ajili ya masikio ya mbali ana pa kusimamia.

Ana hoja nzito kuliko hiyo pia. Udi ni chombo cha Waarabu, umelelewa na makamu zao, yaani mipangilio yao ya sauti, na Wanubi wameishi miaka mingi wakiona Kiarabu kikichukua shule, ofisi, hata mazungumzo ya sebuleni. Ukiwa katika hali hiyo, kumwona mwanao anaweka kisir chini na kushika udi hakuwezi kuwa jambo dogo. Hofu hiyo naiheshimu.

Lakini sikiliza vidole. Shingo ya udi haina vizuizi vya kugawa sauti, kwa hiyo mpigaji anaweza kuteleza popote, hata kwenye zile sauti za katikati zinazoupa muziki wa Kiarabu ladha yake. Hamza alikuwa na uwezo huo, na bado katika nyimbo za kwao hurudi mara kwa mara kwenye mpangilio wa sauti tano, ule ule wa kisir. Mkono wa kulia nao unapiga kama anayepiga tari. Kwangu mimi huyo ni Mnubi aliyeazima chombo, akakifunza lugha ya kwao.

Halafu kuna bwawa. Bwawa la kwanza la Aswan, kwenye Nile kusini mwa Misri, lilikamilika mwaka 1902 na likaongezwa kimo mara mbili, na kila mara mashamba yalizama na wanaume wakaenda Cairo kuwa wapishi na mabawabu. Hata kabla ya Hamza, basi, Nubia ilikuwa nchi ya kungojana. Lilipokuja bwawa kubwa, lililoanza kujengwa mwaka 1960, Hamza alizunguka vijijini akiwaeleza watu kinachokuja. Mwaka 1963 na 1964 watu wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishiwa Kom Ombo, mbali na ukingo wa mto, na wa Wadi Halfa, upande wa Sudan, wakapelekwa Khashm el-Girba, ndani kabisa ya Sudan. Toshka ikazama. Maji yale yale ambayo ng'ombe walihangaika kuyapandisha chungu kwa chungu ndiyo yaliyolifunika gurudumu.

Baada ya hapo, kumdai Hamza apige kama harusini, kwenye uwanja upi? Anapiga peke yake kwa sababu mstari wa watu umetawanyika. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouweka muziki huu wausikilize wapate usingizi. Utulivu upo, ila ni wa mtu anayekumbuka mahali asipoweza kurudi.

Na makofi hakuyasahau. Septemba 1978, bendi ya Marekani ya Grateful Dead ilipopiga mjini Giza, Misri, chini ya piramidi, alipanda jukwaani na Wanubi wenzake wakaanza kwa makofi na sauti zao, na magitaa yakaingia polepole kuwafuata.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa. Udi umo ndani ya taarabu, nao ulikuja na merikebu, na hakuna tena anayeuliza kama ni wa Waswahili. Tumeumiliki kwa sababu tuliuimbia Kiswahili. Kwa Nubia naona vivyo hivyo: kinachonitia wasiwasi ni lugha, ala si kitu. Mohammed Wardi, aliyeanza na kisir kabla ya kushika udi, alipata kuwa nyota wa Sudan nzima kwa nyimbo za Kiarabu, na bado hakuacha kuimba kwa Kinubi.